Pakruok kwa Njia ya Simu: Jinsi Wanamuziki wa Kisumu Walivyoishi na Korona

Daftari la mwaka 2020 la kikundi chetu cha ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, bado ninalo kabatini. Lina jalada gumu jeusi, na ukurasa wake wa Machi una mialiko sita iliyoandikwa kwa kalamu ya buluu: harusi mbili, matanga matatu na shoo moja ya usiku katika klabu iliyo karibu na Kondele. Mitano kati ya mialiko hiyo imepigwa mstari mwekundu. Mimi ndimi mweka hazina wa kikundi, na ndimi niliyeipiga mistari hiyo, mmoja baada ya mwingine, katika wiki mbili zilizofuata Ijumaa ya tarehe 13 Machi, siku Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Jumapili ikatoka amri ya kufunga shule, na kabla ya mwezi kwisha mabaa nayo yakafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kazi yetu, ambayo kwa kawaida hushika moto kuanzia saa tatu usiku, ikawa haina tena mahali pake katika saa za siku.

Nimesoma maelezo mengi ya namna wasanii walivyokabiliana na kipindi kile, na karibu yote husema kwamba wasanii walihamia mtandaoni. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanapita juu ya jambo lenyewe kwa haraka mno. Sauti ya muziki kuhamia kwenye simu ni jambo jepesi, kwa sababu hata kabla ya korona nyimbo zetu zilikuwa zimejaa YouTube. Kilichokuwa kigumu ni kuhamisha yale yanayopita kati ya mwimbaji na mtu aliyesimama mbele yake, na kwa upande huu wa ziwa hayo ndiyo nusu ya wimbo na ndiyo sehemu kubwa ya riziki.

Naomba nieleze hesabu, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Mtu akitualika matangani Siaya au harusini Ahero, tunapatana bei. Bei hiyo inalipa gari, mafuta ya jenereta, kodi ya spika na chakula, na kinachobaki baada ya hapo ni kidogo sana. Fedha ambazo wanakikundi hugawana alfajiri hutokana na pakruok. Kwa msomaji asiyetoka huku, pakruok ni desturi ya Waluo ya kujisifu au kumsifu mwenzako hadharani kwa maneno ya mafumbo. Mtu hujitokeza, huweka noti yake mbele ya mwimbaji, muziki hushushwa, naye hutamka kwamba yeye ni mwana wa fulani, ametoka mahali fulani, na jina lake la ngoma ni hili. Mwimbaji huyapokea maneno hayo na kuyafuma ndani ya wimbo hapo hapo, muziki hupandishwa tena, na mtu mwingine ambaye hataki kuachwa nyuma huinuka kutoka kwenye kiti chake. Watu wa pwani wanaojua kumtunza mwimbaji wa taarabu watalielewa jambo hili upesi, ingawa katika ohangla anayetoa fedha hutoa na maneno pia, na maneno yake huwa sehemu ya wimbo wa usiku huo. Katika daftari langu la mwaka 2019, mwaka uliokuwa mzuri, pakruok ilikuwa imeleta zaidi ya nusu ya kila kitu tulichogawana.

Ndiyo maana tulipofungiwa hatukupoteza ukumbi peke yake, bali tulipoteza mtu wa pili katika mazungumzo.

Mwezi Aprili habari zilikuwa nyingi. Tarehe 6 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shilingi milioni 100 kutoka Hazina ya Michezo zingetengwa kwa ajili ya wanamuziki, waigizaji na wasanii wengine, na siku hiyo hiyo akatangaza kuzuiwa kwa safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Habari ya kwanza ilitupa matumaini. Habari ya pili ilituumiza mara moja, kwa kuwa wanamuziki wengi wa ohangla hupata mialiko yao mizuri kwa Waluo walio Nairobi, na njia hiyo ilifungwa hadi Julai. Kuhusu zile fedha, kikundi chetu hakikufika popote, na kosa lilikuwa letu wenyewe: kwa miaka sita tulikuwa tumecheza bila cheti cha usajili, bila akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na bila rekodi yoyote isipokuwa daftari hili. Nililiona jambo hilo kwa wenzetu wengi pia. Msanii wa kijijini hufanya kazi kwa miaka 30 akijulikana na kila mtu katika tarafa yake, lakini siku serikali inapomtafuta ili imsaidie, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba yupo. Mirabaha nayo haikuweza kuziba pengo hilo, kwa sababu hutokana na leseni zinazolipwa na mabaa, hoteli na matatu, na biashara hizo ndizo zilizokuwa zimefungwa au zinafanya kazi nusu. Baadaye tulijisajili kuwa kikundi cha kujisaidia, na namsihi kila msanii anayesoma hapa afanye hivyo kabla ya balaa linalofuata.

Jaribio letu la kwanza la kupiga muziki moja kwa moja kwenye Facebook lilikuwa mwishoni mwa Aprili, na lilishindwa. Tulipiga kwa saa moja na nusu, watazamaji wakafika themanini, wakaweka mioyo na vidole gumba, kisha wakatawanyika. Mwimbaji wetu, mzee mwenye miaka zaidi ya 50 ambaye amezoea kumwona anayemwimbia, aliniambia kwamba alijihisi kama anaimba ndani ya kisima. Aliimba vizuri, lakini nyimbo zilikuwa fupi. Hazikuwa na pa kwenda, kwa kuwa wimbo wa ohangla hurefushwa na majina, na hapakuwa na jina la kuliita.

Mara ya pili ilikuwa jioni moja ya Mei, sebuleni kwa mpiga kinanda wetu huko Manyatta. Tulikuwa watu watano tu ndani, madirisha yamefunguliwa, barakoa zimeshushwa kidevuni kwa wale wanaoimba, na simu ya kurushia imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya stuli. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na simu yangu ya kazi, ile yenye namba ya kikundi. Katikati ya wimbo wa tatu simu ikalia. Niliitazama kwa mazoea ya mweka hazina na kusema kwa sauti ndogo kwamba shilingi 200 zimeingia. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na mwimbaji akasikia.

"Mama Atieno, hebu soma tena. Ni nani huyo?"

Nikasoma jina kama lilivyoandikwa katika ujumbe wa M-Pesa, majina mawili kwa herufi kubwa. Mpiga kinanda akashusha sauti bila kuambiwa, na mwimbaji akamwita yule mtu kwa jina, akamuuliza kama amekula, akamuuliza habari za mama yake, kisha akaingiza jina lake katika kiitikio. Haikupita dakika moja simu ikalia tena, halafu tena. Wimbo uliokuwa umefika dakika nne ulikwenda hadi dakika ishirini na mbili. Usiku ule tuligawana shilingi 3,400, ambazo zisingelingana na usiku mmoja mzuri wa Kondele, lakini zilikuwa fedha za kwanza kuingia katika kikundi tangu Machi, na ziliingia kwa njia tuliyoijua.

Kulikuwa na tatizo ambalo lilinichukua wiki mbili kulitatua, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifundisha ukubwa wa jambo hili. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina lililoandikishwa na mwenye laini, yaani jina la kitambulisho, na ngomani hakuna anayejulikana kwa jina la kitambulisho. Mtu huweza kuwa na majina mazuri ya ubatizo katika kadi yake, lakini ngomani akawa mwana wa kijiji fulani, au mkwe wa ukoo fulani, au akabeba jina la sifa ambalo babu yake alilipata kwa uvuvi. Akiitwa kwa jina la kadi huona kama ameitwa ofisini. Tena laini nyingine zimeandikishwa kwa jina la mke au la kaka, na mara mbili tuliwasifu watu ambao hawakuwa wametuma chochote. Kwa hiyo tukafungua namba ya pili ya WhatsApp: ukituma fedha kwa namba ya kwanza, unatuma jina lako la ngoma na maneno yako ya sifa kwa namba ya pili. Nikachora safu mbili daftarini, moja ya jina la M-Pesa na nyingine ya jina la ngoma, na kazi yangu jioni ikawa kuunganisha safu hizo haraka kiasi kwamba muziki usisubiri. Wengine wakaanza kutuma maneno yao kwa sauti, wakijirekodi wenyewe, nasi tukawa tunaweka simu mbele ya kipaza sauti ili mtu ajipake sifa kwa sauti yake mwenyewe akiwa Eldoret au Mombasa. Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba pakruok imevuka.

Jambo jingine lilitusaidia, nalo halikuwa la sanaa kabisa. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, kwa lengo la kupunguza kushikana noti mikononi. Kwa muziki wetu hatua hiyo ilikuwa na maana ambayo sidhani waliyoipanga waliifikiria. Mtu aliyekuwa na shilingi 50 tu aliweza kuitwa jina kama mwenye 1,000, na katika safu zangu za Juni na Julai waliotuma 50 na 100 ndio wengi kuliko wote. Januari 2021 ada ziliporudi kwa kiasi kinachozidi shilingi 100, wale wa 200 na 500 walipungua sana.

Siwezi kueleza mwaka ule bila kutaja vifo. Mwezi Machi, katika wiki moja, tulisikia kwamba Aurlus Mabele, mwimbaji wa soukous kutoka Kongo, amefariki Paris, kisha Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kamerun, wote wawili wakihusishwa na ugonjwa huu. Kisumu ni mji uliolelewa na benga na rumba, na kwa watu wa rika langu soukous ya Loketo, bendi ya Mabele, ilikuwa ndiyo muziki wa harusi. Halafu mwezi Juni akafariki Abenny Jachiga, kijana wa ohangla aliyekuwa akipendwa sana hapa kwetu. Wakati huo mazishi yalitakiwa yafanywe upesi na watu wachache wa familia. Mashabiki walifurika kwao Chiga, kukawa na makabiliano kati ya waombolezaji na polisi, na mambo hayo yalionekana katika habari za nchi nzima. Wengi waliotazama kutoka mbali waliona ukaidi tu. Mimi ninaelewa kwa nini zile kanuni ziliwekwa, na nilizifuata, lakini ninajua pia kwamba mwanamuziki wa ohangla hutumia maisha yake kuwaimbia wafu wa watu wengine usiku kucha, na watu waliona vigumu kuvumilia kwamba yeye mwenyewe aende kimya.

Sehemu nyingine ya maisha yangu ni kwaya. Ninaimba sauti ya pili kanisani, na huko hofu ilikuwa ya namna tofauti, kwa sababu tuliambiwa kwamba kuimba kwenyewe ndiyo hatari. Habari iliyotushtua ilitoka Marekani, katika jimbo la Washington, ambako kwaya moja ya wilaya ya Skagit ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu tarehe 10 Machi 2020. Waliohudhuria walikuwa 61. Mmoja alikuwa na dalili za mafua. Katika siku zilizofuata 53 kati yao waliugua au walidhaniwa kuugua korona, na wawili wakafa. Niliisoma habari hiyo mara mbili, nikihesabu vichwa vya kwaya yetu akilini mwangu, kwa kuwa sisi tulikuwa 48 na chumba chetu cha mazoezi kina madirisha matatu.

Makanisa yalipofunguliwa Julai, ibada iliruhusiwa kuwa ya saa moja, watu wasiozidi 100, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakatakiwa wabaki nyumbani. Sharti hilo la mwisho lilibomoa kwaya kwa namna ambayo halikubomoa kusanyiko lenyewe. Besi yetu ilikuwa ya wazee. Kati ya waimbaji kumi na mmoja wa sauti ya nne, saba walikuwa wamepita miaka 58, na wimbo bila besi ni kama nyumba iliyoezekwa bila nguzo za kona. Mwalimu wetu aligawa kwaya katika makundi ya watu wanane wanane, akahamishia mazoezi chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa, na akafupisha mazoezi hadi dakika 40. Mwezi Agosti wanasayansi wa Uingereza, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol, walitoa matokeo ya vipimo vyao: mtu akiimba kwa sauti ileile anayozungumzia, matone madogo anayotoa hayazidi sana ya mazungumzo, lakini sauti ikipandishwa kutoka ndogo hadi kubwa kabisa, wingi wake huongezeka mara 20 hadi 30. Mwalimu alipoyapata hayo alibadilisha uchaguzi wa nyimbo. Kwa miezi mitano tuliimba nyimbo za taratibu, kwa sauti ya chini, na ninakiri kwamba tulijifunza kusikilizana kuliko tulivyowahi kufanya tulipokuwa tukipaza.

Wazee hatukuwaacha. Kila Jumatano kijana mmoja wa sauti ya tatu alikwenda nyumbani kwa kila mzee wa besi, akasimama nje uani, akampa simu iliyofungwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na vipokea sauti vya masikioni vilivyofutwa kwa kitakasa. Mzee alisikia wimbo kutoka vipokea sauti hivyo, na simu ikamrekodi yeye peke yake. Kisha kijana akakaa na kompyuta yake usiku, akiziunganisha sauti hizo na zetu. Nilipata kusikia rekodi ya mzee mmoja wa Nyalenda kabla haijaunganishwa: sauti yake peke yake, ikiimba noti tatu au nne zile zile ambazo besi huimba, na nyuma yake jogoo, mtoto, na mtu anayeuza samaki. Sijawahi kumsikiliza mzee yule kwa makini kiasi hicho katika miaka kumi na minne tuliyoimba pamoja.

Lakini si kila sanaa ilipata njia. Mama yangu ni Mwisukha, mmoja wa Waluhya, na mjomba wangu ni mpiga isukuti karibu na Khayega, Kakamega. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na Waisukha na Waidakho huipiga katika uzazi, tohara, harusi, matanga, na vita vya mafahali. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa kuwa hata kabla ya ugonjwa watungaji wake wengi walikuwa wamezeeka bila warithi. Nilipoona mafanikio yetu ya sebuleni nilimpigia simu nikimshauri afanye vivyo hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mpwa wangu, isukuti haina mtazamaji. Huyo atakayesimama kando na simu, atakuwa anafanya nini hapo?"

Alikuwa sahihi, nami sikuwa na jibu. Ohangla ina mwimbaji na anayeimbiwa, na kati yao inaweza kupitishwa namba ya simu. Katika isukuti anayefika ngomani huingia ndani ya duara na kucheza, na mazishi yaliyoruhusiwa watu 15 yalikuwa na nafasi ya familia tu. Kwa mwaka mzima na zaidi mjomba alizitoa ngoma zake juani kila Jumamosi, akazisogeza karibu na moto jioni ili ngozi zisilegee, na akapiga ile ndogo peke yake kwa dakika chache. Niliona pia kwamba hasara ya upande wao ilikuwa na mlango wa pili usiozungumzwa. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927 na ambalo huwaleta wanafunzi wa nchi nzima kushindana, halikufanyika mwaka 2020. Watoto wa shule za Kakamega hujifunza isukuti kwa ajili ya tamasha hilo, wakifundishwa na wazee wanaoalikwa shuleni. Mtoto aliyekuwa darasa la saba mwaka ule alimaliza shule ya msingi bila kushika ngoma, na mzee aliyekuwa amfundishe huenda sasa hayupo.

Waigizaji wa mitaani walikuwa katikati ya hali hizi mbili. Kisumu ina vikundi vilivyofundisha kuhusu UKIMWI kwa michezo ya sokoni kwa miaka mingi, na ustadi wao ni kuusimamisha mchezo penye mgogoro na kuwauliza watazamaji: je, mke huyu afanye nini? Kikundi kimoja ninachokijua cha Nyalenda kilikodi pikapu, kikawa kinasimama penye makutano ya vichochoro huku watu wakitazama kutoka milangoni mwao, na majibu yakapigwa kwa sauti kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mada ilikuwa barakoa na kunawa mikono. Nilisimama mlangoni kwa rafiki yangu siku moja nikasikia mama mchuuzi wa dagaa akijibizana na mwigizaji kwa dakika tano kuhusu maji: kwamba anaambiwa anawe mara kumi kwa siku ilhali mtungi ananunua. Mwigizaji hakuwa na jibu katika mchezo wake, akamwambia hivyo, na mazungumzo yakaendelea baina ya majirani.

Mwaka 2021 ulitupiga kwa nguvu zaidi kuliko ule wa kwanza. Mabaa yalikuwa yamefunguliwa tangu mwisho wa Septemba 2020, na tulikuwa tumezoea kupiga mchana, kuanzia saa sita hadi jioni, jambo ambalo mwanzoni wazee wa ohangla waliliona kama mzaha na baadaye wakalipenda kwa kuwa walilala nyumbani. Tarehe 1 Juni sherehe za Madaraka zilifanyika hapa Kisumu, katika uwanja mpya wa Mamboleo, na vikundi vilivyochaguliwa kutumbuiza vilifanya mazoezi kwa furaha. Aina ya Delta ilikuwa tayari imefika. Kuanzia tarehe 18 Juni kaunti 13 za magharibi na za kanda ya ziwa, yetu ikiwemo, zilirudishwa kwenye kafyu ya saa moja jioni, na mazishi yakatakiwa yafanyike ndani ya saa 72. Msomaji wa kwingine huenda asione uzito wa saa hizo. Matanga ya huku hupangwa kwa wiki moja au mbili, watu husafiri, michango hukusanywa, na muziki ni sehemu ya kukusanya michango hiyo. Ukiwa na siku tatu, familia inafikiria jeneza na gari tu. Katika Julai ya mwaka huo daftari langu halina mwaliko hata mmoja, na kurasa zake za wiki nne zina majina ya watu tuliowachangia, wakiwemo wanamuziki wawili.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, na ambalo mimi mwenyewe nina lawama ndani yake. Kabla ya korona tulikuwa watu tisa: waimbaji watatu, mpiga orutu (fidla ya Waluo yenye uzi mmoja), mpiga kinanda, wapiga ngoma watatu na mtu wa manyanga. Sebuleni hatukuweza kukaa tisa, kwa hiyo kinanda kikachukua kazi ya ngoma kwa midundo iliyohifadhiwa ndani yake. Tuliambiana kwamba ni ya muda. Mialiko iliporudi, wenye shughuli walikuwa wamezoea bei ya watu wanne, na mimi ndimi niliyewapa bei hiyo kwa simu, mara baada ya mara, kwa kuogopa kwamba nikitaja ya watu tisa wataita diijei. Wapiga ngoma wetu hawakufukuzwa na mtu. Mmoja anaendesha bodaboda penye kituo cha Kibuye, mmoja alirudi Seme kulima, na wa tatu nilimpoteza kwenye simu. Mtu akisema kwamba sekta ya muziki ilizoea hali mpya, mimi nawafikiria hao watatu, kwa sababu kuzoea kwetu kulilipiwa kwa nafasi zao.

Matanga ya sasa yamejaa watu tena, na simu ya kurushia haijaondoka. Husimamishwa mbele ya mwimbaji kwenye fimbo yake yenye miguu mitatu, na pakruok huja kutoka pande mbili, kwa wanaoweka noti na kwa walio mbali. Miezi michache iliyopita, katika mazishi moja huko Seme, mwana wa marehemu aliyeko Marekani alituma maneno ya sifa kwa baba yake kwa sauti, nasi tukayacheza kupitia spika. Baada ya sifa, kabla rekodi haijaisha, akauliza: ngoma zenyewe ziko wapi, mbona ninasikia mashine? Kisha kupitia dada yake akatuma shilingi 3,000, akasema ni za mpiga ngoma, na pasipokuwa na mpiga ngoma zirudishwe.

Sikuzirudisha. Nilimpigia simu yule aliyerudi kulima, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na hapo, naye alifika kwa pikipiki ya jirani akiwa na ngoma mbili mgongoni na udongo bado kwenye viatu. Alikaa karibu na jiko la wapishi akizipasha ngozi moto, akizigonga kwa kidole, akisikiliza, akizigeuza. Alipiga hadi jua lilipozama. Jina lake nimelirudisha daftarini, chini ya la mpiga kinanda, na kwa sasa nimeliandika kwa penseli, kwa kuwa bado sijampata mwenye shughuli aliyekubali bei ya watu watano.